Kitufe na Sauti: Safari ya Neno Ndani ya Redio Kolu

(Mhadhara kwa mafundi, watumishi wa umma na askari wa wanyamapori wa vijiji, Tunduru mjini)

Ndugu mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa madiwani, masheikh wetu, mapadre na masista, walimu, ndugu zangu askari wa wanyamapori wa vijiji, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama dirishani kwa sababu viti vimekwisha: mtu aliyezoea kuinamia meza ya kazi na mita mkononi hajui sana kusimama mbele za watu, kwa hiyo mkiniona naigeuzageuza hii maiki kuliko inavyostahili, nivumilieni.

Nimeombwa nieleze kinachotokea ndani ya redio kolu na vifaa vyake vya kuiongozea, tangu mtu anapobonyeza kitufe mpaka sauti yake inapotoka kwenye antena. Nitafanya hivyo. Lakini nina jambo ninalolitaka kwenu, nalo nalisema mapema ili msidhani nimelificha: redio nyingi nilizoletewa mezani zikiitwa mbovu hazikuwa mbovu. Kilichokufa kilikuwa njia kati ya mdomo wa mtu na redio yenyewe, yaani maiki, kitufe, waya wake, na kile kisanduku cha mezani kinachoiamuru redio kutoka mbali. Njia hiyo inatengenezeka hapahapa Tunduru, kwa vifaa vya bei ndogo, ikiwa tu fundi anaelewa inavyofanya kazi.

Wapo watakaoniuliza: fundi, enzi hizi za simu ya mkononi, redio kolu ya nini? Jibu wanalo hawa ndugu zetu wa hifadhi za wanyamapori za jamii za Nalika na Chingoli. Wilaya hii ina kilomita za mraba 18,778. Upande wa kusini tumepakana na Msumbiji kwa Mto Ruvuma, na humu wilayani kuna ushoroba ambamo tembo wanapita kati ya pori la Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji. Humo simu ya mkononi inabaki kuwa tochi. Isitoshe, simu inampigia mtu mmoja. Redio inawaambia wote kwa mara moja, na hilo ndilo linalotakiwa kundi la tembo linapoingia mashambani usiku.

Hoja ya kwanza: kuna njia mbili, na si moja

Watu wengi hudhani kwamba kitufe cha maiki kinafungulia sauti, kama bomba. Sivyo. Katika mkutano wa kijiji, mtu hunyoosha mkono, mwenyekiti humruhusu, ndipo anaposema. Ruhusa ni jambo moja na maneno ni jambo jingine. Unaweza kupewa ruhusa ukakosa la kusema, na unaweza kupiga kelele bila ruhusa usiandikwe kwenye muhtasari. Ndani ya redio pia ziko njia mbili zinazokwenda sambamba. Moja ni ya ruhusa, ambayo mafundi tunaiita PTT, yaani bonyeza uongee. Nyingine ni ya sauti.

Kitufe kinapobonyezwa, redio hufanya kazi kadhaa kwa mpigo. Inanyamazisha spika yake isijisikie yenyewe. Inaiondoa antena kwenye kipokezi na kuiunganisha na kirushi. Inahamisha masafa kutoka yale ya kusikiliza kwenda yale ya kurushia, kisha inaamsha hatua ya mwisho yenye nguvu. Na inafungua mlango wa maiki. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo sauti.

Kutokana na hilo tunapata kipimo cha kwanza, kisichohitaji hata mita. Weka redio mbili za VHF karibu. Bonyeza kitufe cha moja usiseme neno. Ukisikia ile nyingine imeshtuka na kutulia, ukimya mzito usio na mchakacho wa chenga, basi wimbi linatoka: njia ya ruhusa ni nzima. Sasa sema. Kama maneno hayafiki, tafuta kwenye njia ya sauti, wala usiguse kingine. Ikiwa ukibonyeza hata taa nyekundu haiwaki, acha maiki yenyewe, shughulika na kitufe na waya wake. Angalieni tu kwamba kipimo hiki kinadanganya kwenye redio za HF za SSB, yaani za upande mmoja wa wimbi, zile za masafa marefu zilizozoeleka kwenye misheni na mashirika. Zile hazirushi kitu mpaka kuwe na sauti. Kwa hizo, bonyeza, piga mluzi, halafu tazama mita ya ampia kwenye betri: mshale ukiruka pamoja na mluzi, njia zote mbili zinapita.

Naomba nichepuke kidogo, kwa sababu naona walimu wa historia wamekaa mbele. Kulikuwa na wakati ambapo njia ya ruhusa ndiyo iliyokuwa ujumbe wote. Kwenye telegrafu isiyo na waya hapakuwa na maiki. Mtu aligonga ufunguo, wimbi likawaka na kuzimika, fupi na refu, basi. Wajerumani walikuwa na kituo cha namna hiyo Dar es Salaam, na meli ya kivita ya Uingereza, Astraea, ilikishambulia kwa mizinga tarehe 8 Agosti 1914, vita vikiwa na siku chache tu. Mwaka 1917 Ujerumani ilituma ndege-puto kubwa, L59, itoke Bulgaria ije na dawa na risasi kwa jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lililokuwa limebanwa huku kwetu kusini. Ilifika juu ya Sudani. Tarehe 23 Novemba ikapokea kwa redio amri ya kurudi, ikageuza. Siku mbili baadaye Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma pale Ngomano, Mto Lugenda unapoingia, mashariki ya hapa tulipo. Chombo chenye urefu wa zaidi ya mita 200 kiligeuzwa na mtu aliyekuwa akifunga na kufungua swichi moja huko Ulaya.

Turudi mezani.

Hoja ya pili: kitufe ni swichi, lakini swichi ina tabia zake

Mzunguko wa PTT ni mwepesi kuuchora. Ndani ya redio kuna waya uliofungwa kwenye volti 5, tuseme, kupitia rezista ya kiloomu 10. Waya huo unatoka nje mpaka kwenye maiki. Kitufe kikibonyezwa kinaupeleka chini, kwenye ardhi ya mzunguko. Volti 5 zinaporomoka kuwa sifuri, na kichakataji cha redio kikiona sifuri kinasema: ameomba kuongea. Ukiachia, zinarudi 5.

Sasa piga hesabu. Volti 5 kwa kiloomu 10 ni nusu miliampia. Huo ndio umeme wote unaopita kwenye kile kitufe. Ni mdogo mno, na udogo wake ndio ugonjwa. Redio za zamani zilikuwa na rilei. Koili ya rilei ya volti 12 yenye omu 120 huvuta miliampia 100, na umeme wa kiasi hicho unapopita kwenye ncha za swichi huchoma ule ukungu wa kutu unaojitandaza juu yake. Swichi ilikuwa inajisafisha kila ikibonyezwa. Nusu miliampia haina ubavu huo. Jasho la kiganja, vumbi la barabara ya Nalasi wakati wa kiangazi, unyevu wa masika, vyote hukaa palepale kwenye ncha, vikaongezeka siku hata siku.

Ncha zikifikia upinzani wa kiloomu 10, sawa na ile rezista ya ndani, volti hazishuki tena mpaka sifuri, zinasimama 2.5. Kichakataji hapo hakijui kama umebonyeza au umeachia. Redio inapokea, inarusha, inapokea, inarusha, taa inapepesa, na mtu anaipiga kofi. Nimewahi kuona katika kituo kimoja, nisichokitaja, redio imeandikiwa kwenye daftari kwamba haifai, imewekwa stoo chini ya magunia. Tulisugua ncha za kitufe kwa kipande cha karatasi kilicholoweshwa spiriti, tukapuliza, tukafunga. Ikaongea na Songea siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, fundi: usipime kitufe kwa kusikiliza mlio wa mita tu. Mlio wa mita huishia omu makumi kadhaa, na haukuambii mengi. Weka mita kwenye volti, mguu mmoja kwenye waya wa PTT na mwingine ardhini, redio ikiwa imewashwa. Bonyeza mara kadhaa kwa pembe tofauti, kidole kikilegea na kidole kikikaza. Ikizidi nusu volti, kitufe hicho kinakaribia kukusaliti.

Panapokuwa na kifaa cha kuongozea kati ya mtu na redio, kitufe hakigusi redio moja kwa moja. Kinaamsha transista, au rilei ndogo, au kile kijidude chenye taa na jicho ndani yake kinachopeleka amri kwa mwanga bila waya kugusana. Kama ni rilei, lazima koili yake ivishwe dayodi kwa kinyume, upande wenye mstari ukielekea chanya. Koili inapokatiwa umeme hurusha mshtuko wa volti nyingi, mara nyingine zaidi ya mia, na transista inayoiendesha hufa kimyakimya. Dayodi hiyo ni ya bei ya chai na andazi. Ukikuta mtu ameitoa kwa sababu “haina kazi”, irudishe.

Hoja ya tatu: sauti ni kitu kidogo kinacholindwa

Hapa nitakaa muda, kwa sababu hapa ndipo penye makosa mengi ya kubandika maiki yoyote kwenye redio yoyote.

Maiki za redio ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza ina koili na sumaku. Inajitengenezea umeme wake, milivolti chache tu mtu anaposema kwa kawaida. Ya pili ni ile ndogo kama punje ya dengu, elektreti, ambayo haitoi kitu mpaka ilishwe volti kupitia rezista, mara nyingi ya kiloomu 2.2 hivi. Sauti inapanda juu ya volti hizo, kisha kapasita inazizuia volti na kuipitisha sauti peke yake. Sasa fundi anakuta maiki ya koili imekufa, dukani ipo elektreti tu, anaiunga. Redio ile haina volti za kuilisha: kimya. Au kinyume chake, anaunga maiki ya koili kwenye redio inayolisha. Volti zinapita kwenye koili, zinausukuma utando upande mmoja, na sauti inatoka ya puani, hafifu, imekabwa. Dawa ni kapasita moja ya mikrofaradi kadhaa kati ya maiki na redio. Lakini fundi asiyejua anaongeza nguvu ya kikuzaji, na ugonjwa unakua pamoja nacho.

Ikishapita hapo, sauti inakuzwa, kisha inanyanyuliwa zaidi kwenye upande wake wa juu, zile s na sh na f, kwa sababu redio ya FM husumbuliwa na chenga zaidi upande huo. Kipokezi cha mwenzako hushusha kwa kiasi kilekile na kurudisha uwiano. Baada ya hapo inakutana na kikomo. Kikomo hukata kila kinachozidi, halafu kichujio huondoa kila kilicho juu ya hezi 3,000. Mwisho kabisa, sauti ndiyo inayolitikisa wimbi: kwenye chaneli ya kilohezi 25, mtikisiko hauruhusiwi kuzidi kilohezi 5 kila upande, na kwenye chaneli nyembamba ya kilohezi 12.5 ni nusu yake.

Nyinyi mnaopiga kelele kwenye maiki, nawaona mnacheka, sikilizeni. Kelele haikufikishi mbali. Nguvu ya kirushi cha FM ni ileile ukinong’ona au ukifoka. Ukifoka unakigonga kile kikomo, vilele vya sauti vinakatwa, na mwenzako anasikia mikwaruzo. Kwenye SSB ni vibaya zaidi: sauti iliyozidi humwagika kwenye chaneli za jirani. Shika maiki upana wa vidole vitatu kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili pumzi isiingie moja kwa moja, useme kama unaongea na mtu aliye upande wa pili wa meza. Fundi naye asifungue kile kikomo na kukilegeza ili “redio iwe na sauti kubwa”. Masafa ni ya leseni, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ndiyo inayoyagawa, na anayetikisa wimbi kupita kiasi anaingia shamba la mwenzake.

Kuunganisha kisanduku cha mezani na redio kuna hesabu yake pia. Laini ya kisanduku hutoa sauti ya karibu volti 0.775 kwenye omu 600. Mlango wa maiki wa redio unataka milivolti chache. Ukiunga moja kwa moja umemmwagia mtu ndoo usoni. Weka rezista ya kiloomu 10 kwenye njia na ya omu 100 kwenda ardhini, kile kinachobaki ni karibu sehemu moja ya mia, yaani milivolti saba na ushee. Rezista mbili tu.

Halafu kuna ardhi. Waya mwembamba wa maiki, ule wa kujiviringa, unaweza kuwa na upinzani wa omu moja. Ikiwa waya mmoja wa ardhini unatumiwa na kitufe na sauti kwa pamoja, na kitufe kinaendesha rilei ya miliampia 100, basi kwenye waya huo panazuka sehemu moja ya kumi ya volti. Ni milivolti 100, na maiki yako inatoa 5. Kila uchafu uliomo kwenye umeme ule, mlio wa alteneta ya Land Cruiser, mngurumo wa chaja ya sola, unaingia kwenye sauti, na unaweza kulifunika neno lenyewe. Ndiyo maana maiki nzuri ina waya nne: sauti na ardhi yake, kitufe na ardhi yake, nazo zinakutana ndani ya redio, hazikutani njiani. Ukikata moja kwa kubana matumizi utasikia mngurumo maisha yako yote. Pale ambapo kisanduku kinapata umeme wa TANESCO na redio inapata betri, tenganisha sauti kwa transfoma ndogo ya uwiano wa moja kwa moja; mngurumo wa hezi 50 utakoma.

La mwisho kwenye sauti: antena ya HF ikiwa karibu na meza, waya wa maiki unageuka antena nao. Nguvu ya redio inarudi mlangoni kwake, sauti inapiga mayowe, au redio inashikilia kurusha hata ukiachia kitufe. Watu husema ina shetani. Haina. Isogeze antena, tengeneza ardhi ya kweli, uvishe waya pete ya feraiti.

Hoja ya nne: kitufe na sauti haviendi kwa mwendo mmoja

Hii ndiyo hoja ninayoitaka iwafikie hata wasioshika mita.

Sauti yako iko tayari mara unapofungua mdomo. Ruhusa haiko tayari. Rilei ya antena inahitaji milisekunde kumi au ishirini. Masafa yanahitaji kutulia. Kama mnatumia ripita, ile redio ya juu ya mlima inayopokea na kurusha upya, redio yako hutuma chini ya sauti mlio mzito usiosikika na msikilizaji, ulio kati ya hezi 67 na 254, ambao ndio ufunguo wa ripita. Ripita inahitaji kuutambua mlio huo kabla ya kufungua, na kwa mlio mzito utambuzi huo huchukua karibu robo sekunde. Kisha ripita nayo inarusha, na redio ya mwenzako inafanya utambuzi uleule upya. Jumlisha: karibu nusu sekunde imekwisha, na wewe ulishaanza kusema.

Sasa fikirini lugha yetu. Tunapokataa jambo, tunalikataa mwanzoni kabisa. Askari yuko ukingoni mwa Muhuwesi, mvua imenyesha juu, kituo kinamwambia: “Usivuke!” Opereta amebonyeza na kusema kwa pamoja. Silabi mbili za kwanza zimemezwa. Kinachofika ni “…vuke!” Au: “Hawatafika Mtina” inafika “…watafika Mtina”, na aliyesikiliza anakamilisha mwenyewe anavyotarajia. Mwanzo wa neno ukipotea, katazo limepotea.

Kwa hiyo utaratibu wa redio, ule wa kuanza na jina la unayemwita na kumaliza na jina lako, si urasimu wa kijeshi. Ni mto wa kulalia nusu sekunde ya kwanza. Bonyeza, vuta pumzi, taja jina la kituo mara mbili, ndipo useme la kusema. Na katazo lirudiwe kwa maneno mengine: “Usivuke. Narudia, baki ulipo.” Mwenzako naye asijibu “roja” peke yake, arudie amri yenyewe. Redio za kisasa zina kengele ndogo inayolia njia ikiwa tayari. Mkiwa na redio za namna hiyo, iwasheni kengele hiyo. Nimekuta wengi wameizima kwa sababu inawaudhi.

Hoja ya tano: kuamuru redio iliyo mbali

VHF huenda kwa mstari, na nchi yetu kutoka hapa mpaka Masasi imejaa milima ya mawe. Redio ya kituo hukaa juu, opereta hukaa ofisini. Katikati pana laini, jozi moja ya waya, na kwenye jozi hiyo lazima zipite njia zote mbili: sauti na ruhusa. Waya wa tatu wa kitufe haupo. Inawezekanaje?

Njia ya zamani ni kutumia umeme mnyoofu juu ya waya zilezile. Katika mpangilio uliozoeleka, miliampia 5.5 zikipita maana yake rusha kwenye chaneli ya kwanza, 12.5 rusha kwenye ya pili, na 2.5 kwa upande wa kinyume maana yake fungua usikilize. Ni rahisi na imara, ila inadai shaba isiyokatika kutoka mwanzo hadi mwisho. Maji yakiingia kwenye kiungo kimoja wakati wa masika, umeme unavuja, 12.5 inakuwa 9, na redio haijui umeomba nini.

Njia ya baadaye ni kuimba amri. Opereta akibonyeza, kisanduku hutoa mlio mkali wa hezi 2,175 kwa milisekunde 120. Huo ni wa kusema: angalia, amri inakuja. Unafuata mlio mfupi wa milisekunde 40, dhaifu kuliko wa kwanza kwa desibeli 10, na kimo chake ndicho amri: hezi 1,950 ni chaneli ya kwanza, 1,850 ya pili, 2,050 ni kusikiliza. Kisha mlio wa 2,175 unarudi, lakini safari hii ni mdogo sana, desibeli 30 chini ya ule wa mwanzo, karibu sehemu moja ya thelathini kwa volti. Unabaki chini ya maneno muda wote opereta anapoongea. Ukiwepo, redio inaendelea kurusha. Ukikoma, inaacha. Kichujio chembamba upande wa redio kinaunyofoa usitoke hewani.

Naupenda mpango huu, sifichi. Kwa kuwa ruhusa imegeuzwa sauti, inapita popote sauti inapopita: kwenye transfoma, kwenye mnara wa maikrowevu, kwenye laini ya kukodi. Na ukiuelewa, dalili zake zinasomeka. Redio ikiwaka halafu ikakata katikati ya sentensi, mlio mkali ulifika lakini ule mdogo umezama kwenye chenga za laini: pima kiwango cha laini, usibadilishe redio. Redio isipowaka kabisa na sauti unaisikia upande wa pili, vimo vya milio vimeteleza. Wasikilizaji wakilalamika kuna filimbi nyembamba nyuma ya maneno, kichujio kimehama. Dalili tatu, sehemu tatu tofauti, na zote zinapimika bila kupanda mlimani.

Hoja ya sita: kitufe kilichokwama

Hii ni fupi. Maiki ikikaliwa kwenye kiti cha gari, au kitufe kikikwama kwa uchafu, redio moja inaziba chaneli ya wilaya nzima, na hakuna anayeweza kumwambia mwenye nayo, kwa kuwa anarusha na hasikii. Redio ya wati 25 huvuta karibu ampia 6 inaporusha. Betri ya ampia-saa 70 iliyojaa, ikikwama saa mbili usiku, asubuhi haipo. Karibu kila redio ina saa ya kukata urushaji ukizidi muda. Iwekeni kwenye dakika moja. Anayehitaji kusema zaidi ya dakika bila kupumua aandike barua.

Tunakokwenda

Redio za kidijitali zimeshaingia nchini, zinazopitisha mazungumzo mawili kwenye chaneli moja ya kilohezi 12.5 kwa kupokezana vipande vya muda. Visanduku vya kuongozea navyo vinahama kutoka kwenye shaba kwenda kwenye mtandao wa data, ambako kubonyeza kitufe ni pakiti ndogo inayosafiri pamoja na pakiti za sauti. Njia zitabaki mbili. Pakiti ya ruhusa inaweza kuchelewa, za sauti zinaweza kufika zimevurugika mpangilio, na nusu sekunde ninayoilalamikia huenda ikawa sekunde nzima. Vijana, hapo ndipo kazi yenu ilipo, nanyi mtaikuta ngumu kuliko yangu.

Kwenu waheshimiwa madiwani nina maombi ambayo hayahitaji fedha nyingi. Zabuni ijayo ya redio idai mchoro wa mzunguko, na mchoro wa soketi ya maiki unaoonyesha kila pini. Idai maiki za akiba, kwa sababu maiki huchakaa kabla ya redio. Idai mafunzo ya ufundi kwa watu wa vijijini, na kituo cha Likuyu Sekamaganga kule Namtumbo, kinachofundisha askari wa wanyamapori wa vijiji, kinaweza kuombwa kiongeze somo la maiki na kitufe pembeni ya somo la doria. Nami niko tayari kwenda kufundisha, mkinipa nauli.

Pale mezani nimeweka maiki tatu zilizofunguliwa. Moja ina kitufe kibovu, moja imekatika ardhi ya sauti, moja ni nzima. Sijaandika ipi ni ipi. Mita ziko mbili na redio imewashwa kwa nguvu ndogo kwenye mzigo wa majaribio, haitoki hewani. Mwenyekiti akiruhusu, maswali tuyapokee tukiwa pale, na wale wa dirishani waingie kwanza.